Barua ya wazi kwa mdogo wangu: masundosundo yanaporudi

Mdogo wangu,

Umeniuliza mambo matatu kwa mkupuo: kwa nini masundosundo, vile vinyama vinavyoota sehemu za siri, yamerudi wakati yalichomwa yakaisha, kama mumeo ametoka nje ya ndoa, na kama hivi ndivyo saratani inavyoanza. Nakujibu hadharani, bila jina lako wala mji wako, kwa sababu wako wengi wenye maswali hayo hayo, wanawake kwa wanaume, wanaoyameza kimya kimya hadi wanaishia kwa wauza dawa wa mitaani. Shika kwanza majibu mafupi. Kurudi ni tabia ya ugonjwa huu. Hakuthibitishi usaliti. Na aina za kirusi zinazootesha vinyama hivi, kwa sehemu kubwa sana, si zile zinazoleta saratani.

Kirusi chenyewe ni HPV, kifupi cha Kiingereza cha kirusi cha papiloma cha binadamu. Kina aina zaidi ya 200, na aina mbili tu, namba 6 na namba 11, ndizo zinazosababisha karibu 90% ya masundosundo. Huingia wakati ngozi inapogusana na ngozi katika kujamiiana, kupitia mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, kisha hujificha kwenye seli za chini kabisa za tabaka la juu la ngozi. Hapo hakiumi, hakitoi usaha, hakileti homa. Kinaweza kutulia wiki, miezi, hata miaka. Seli zile zinapopanda kuelekea juu ndipo kirusi huzaliana, ngozi ikanenepa, ukaona kinyama.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Dawa zote tulizonazo, za kupaka, za kugandisha, za kuchoma kwa umeme, huondoa kinyama kinachoonekana. Hakuna hata moja inayofuta kirusi kwenye ngozi ya jirani inayoonekana nzima. Anayekizima ni kinga ya mwili wako, nayo hufanya kazi taratibu. Kwa watu wengi huwa imekidhibiti ndani ya miaka 2. Ndiyo maana marudio mengi hutokea katika miezi 3 ya kwanza baada ya matibabu, mara nyingi kando ya pale pale palipotibiwa. Yule anayekuambia atakuuzia dawa ya "kung'oa mizizi" hajui anachokiuza. Masundosundo hayana mizizi. Hukaa katika tabaka la juu la ngozi tu, na kuchimba chini yake kunakuletea kovu na maumivu wakati wa tendo, si kupona.

Kwa hiyo usipange tiba ya siku moja, panga miezi mitatu hadi sita. Jikague mara moja kwa wiki baada ya kuoga, kwa kioo cha mkononi na tochi ya simu, kisha uache. Anayejikagua kutwa mara tatu huishia kukwangua ngozi kwa kucha, na kila mchubuko ni mlango mpya. Kwa sababu hiyo hiyo acha wembe kwa kipindi hiki: wembe hukata kinyama kidogo na kusambaza kirusi kwenye mstari mzima ulionyolewa. Punguza nywele kwa mkasi.

Kabla ya kutibiwa tena, hakikisha kwamba kilichorudi ni masundosundo kweli. Si kila kiuvimbe cha huko ni ugonjwa. Baadhi ya wanawake wana vijinundu laini vilivyojipanga sawasawa pande zote mbili za mlango wa uke, kila kimoja na shina lake. Hayo ni maumbile. Baadhi ya wanaume wana vidoti vyeupe vilivyozunguka shingo ya kichwa cha uume kama mkufu. Nayo ni maumbile. Kipele chenye kitobo katikati, kama kitovu, ni ugonjwa mwingine wa kirusi wenye tiba yake. Kinachonitia hofu zaidi ni kaswende ya hatua ya pili, ambayo huotesha vinyama bapa, vyenye unyevu, vya rangi ya kijivujivu, vinavyofanana sana na masundosundo. Ukivichoma hivyo unaondoa alama tu huku kaswende ikiendelea mwilini, wakati sindano ya penisilini ingeimaliza. Usikubali kuchomwa popote kabla ya kupimwa damu kwa kaswende na VVU. Kipimo cha VVU ni cha lazima kwako kwa sababu nyingine pia: kinga ikiwa chini, masundosundo huwa makubwa, mengi, na sugu, na dawa za kufubaza VVU ni sehemu ya kuyatibu.

Nikuelezee tiba moja moja, uweze kuuliza maswali ya maana.

Kwenye vituo vingi vyetu utakutana na podofilini, dawa ya kahawia ya maji yenye nguvu ya 10% hadi 25%. Hii hupakwa na mhudumu tu, mara moja kwa wiki. Ngozi nzima inayozunguka hupakwa kwanza mafuta ya mgando ili isiungue, dawa huguswa juu ya kinyama kwa kijiti cha pamba, huachwa ikauke kabla hujafunga miguu, na huoshwa kwa maji na sabuni baada ya saa 1 hadi 4. Kosa kubwa ni kulala nayo. Mtu anaona ikikaa usiku kucha itafanya kazi zaidi, asubuhi anaamka na kidonda kinachomzuia hata kukojoa. Kosa la pili ni kupaka eneo pana: kwa siku moja isizidi nusu mililita, wala eneo la sentimita 10 za mraba, kwa kuwa dawa hii hupenya kuingia kwenye damu na ni sumu.

Ndugu yake iliyosafishwa, podofilotoksini, unaweza kupaka mwenyewe nyumbani baada ya mhudumu kukuonyesha mara ya kwanza. Asubuhi na jioni kwa siku 3, halafu unapumzika siku 4. Huo ni mzunguko mmoja, na mizunguko isizidi minne. Siku nne za kupumzika ni sehemu ya tiba: ngozi hufa siku tatu za kwanza na kujirudisha siku nne zinazofuata. Anayeendelea siku saba mfululizo hupata kidonda, hukata tamaa, husema dawa ni mbaya. Isipakwe ndani ya uke wala ndani ya njia ya haja kubwa.

Imikuimodi ya 5% hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Haiunguzi, inaiita kinga ya mwili ije mahali pale. Unapaka tabaka jembamba usiku wa kulala, mara tatu kwa wiki, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na unaosha baada ya saa 6 hadi 10. Inaweza kuchukua hadi wiki 16, na wiki za mwanzo huenda usione kitu. Wekundu na mwasho ni ishara kwamba inafanya kazi. Ngozi ikichubuka na kutoa maji, simamisha hadi ipone kisha endelea. Krimu hii hudhoofisha mpira wa kondomu, hivyo usiku wa dawa si usiku wa tendo.

Asidi ya trikloroasetiki, ya nguvu ya 80% hadi 90%, hupakwa na mhudumu kila wiki. Kinyama hubadilika kuwa cheupe kama chaki papo hapo, nacho huchoma kwa dakika chache. Mwambie mhudumu awe na sabuni ya maji au bikaboneti ya soda mezani kabla hajaanza, maana asidi ikimwagika kwenye ngozi nzima haizimwi kwa kupulizia mdomo. Kugandisha kwa naitrojeni hurudiwa kila wiki 1 hadi 2. Kuchoma kwa umeme hufanywa kwa ganzi, na faida yake ni kumaliza vyote siku hiyo. Hasara yake ni kidonda cha wiki kadhaa. Chunga kidonda hicho hivi: kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 asubuhi na jioni, kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa safi bila kusugua, vaa chupi ya pamba isiyobana, na hakuna tendo hadi pafungike kabisa. Usioshe kwa sabuni kali za dawa, zinachelewesha kupona.

Ukitibiwa kwa njia moja wiki nne au tano na vinyama havijapungua hata nusu, omba njia ibadilishwe. Kurudia podofilini mara kumi kwa sababu ndiyo iliyopo kituoni ni kukutesa. Na ukiona kinyama chenye rangi nyeusi, kigumu, kinachotoka damu chenyewe au chenye kidonda kisichofunga, kikatwe kipande kipelekwe maabara kabla ya kuchomwa.

Vya kuacha kabisa: dawa za chunjua za mikono na miguu, ambazo ni asidi ya ngozi nene, kitunguu saumu kilichopondwa, siki, majivu, maji ya betri, ndiyo, wapo wanaoyapaka, na kufunga kinyama kwa uzi au unywele hadi kikatike, njia inayoleta damu na maambukizi. Vidonge na sindano za kuua bakteria havigusi kirusi. Usijipake siki ili kuona "yaliyojificha", kwani mchubuko wowote hugeuka mweupe na utajihesabia ugonjwa usio nao. Wala usinunue virutubisho vya kuongeza kinga kwa bei ya ada ya mtoto. Kama unavuta sigara, acha. Hiyo husaidia kweli.

Kuhusu shemeji. Kwa kuwa kirusi hutulia muda mrefu, hakuna daktari anayeweza kusema nani alimpa nani, wala lini. Kinaweza kuwa kimetoka kwako kabla ya ndoa, kwake kabla ya ndoa, au baadaye. Na kwa kuwa mmeishi pamoja, aina hiyo ya kirusi kwa kawaida mmekwisha kuwa nayo wote wawili. Marudio yako hutoka kwenye ngozi yako mwenyewe, si kwa kupokezana kila wiki. Yeye akiwa hana kinyama hahitaji dawa. Anahitaji kukaguliwa, kupimwa kaswende na VVU, na kuelezwa haya niliyokueleza. Msilipie kipimo cha damu cha HPV, hakibadilishi tiba yoyote. Kondomu hupunguza hatari ingawa haifuniki ngozi yote, na hukinga magonjwa mengine, kwa hiyo itumieni wakati vinyama vipo. Choo cha familia na vyombo havina haja ya kutengwa. Taulo yako tu iwe yako.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa hasa na namba 16 na 18, ambazo huhusika na takriban 70% ya saratani hiyo. Mtu anaweza kuwa na aina zaidi ya moja, hivyo kuwa na masundosundo hakukuondoi kwenye ratiba ya uchunguzi, wala hakukulazimishi uchunguzi wa kila mwezi. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza ukiwa na miaka 30, na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10 kwa kipimo cha vinasaba vya HPV, au kila miaka 3 pale penye kipimo cha kupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi. Anayeishi na VVU huanza na miaka 25 na hurudia mapema zaidi. Huo uchunguzi ndio ulio na uwezo wa kukuokoa, na nakusihi usiuahirishe kwa aibu ya vinyama. Wahudumu wameviona vingi.

Kuna pia suala la kuzaa. Masundosundo hayazibi mirija. Kinachoziba ni kisonono na klamidia zisizotibiwa, ndiyo maana upimwe hizo pia. Ukishika mimba vinyama vinaweza kukua haraka, kisha vikanywea baada ya kujifungua. Wakati wa mimba podofilini na podofilotoksini ni marufuku, na imikuimodi hukwepwa; hutumika asidi ile inayopakwa na mhudumu, kugandisha au kuchoma. Kujifungua kwa njia ya kawaida kunawezekana, isipokuwa vikiziba njia au kuwa katika hatari ya kutoka damu nyingi. Mara chache sana mtoto hupata vinyama kooni, basi akikua na sauti ya kukwaruza isiyoisha, mtaje historia hii kwa daktari.

Chanjo haitibu masundosundo uliyo nayo, lakini kwa binti yako ni jambo kubwa. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo zote hukinga dhidi ya 16 na 18. Zenye kukinga pia 6 na 11 ndizo huzuia masundosundo. Apewe ile iliyopo shuleni au kituoni, usisubiri nyingine.

Siku ya kwenda kliniki nendeni wawili, akikubali. Andika kwenye karatasi tarehe ya kila matibabu, dawa iliyotumika, na vinyama vilirudi baada ya wiki ngapi. Daktari ataamua haraka zaidi kwa karatasi hiyo kuliko kwa kumbukumbu. Taja siku ya mwisho ya hedhi. Msinyoe siku tatu kabla, wala msipake dawa yoyote ya dukani, ili vidogo vionekane.

Dada yako