Umeongeza majani ya springi, mbona chasisi imekatika?

Mteja wetu wa siku nyingi, mwindaji, alifika hapa gereji pikapu yake ikiwa imebebwa juu ya lori. Chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa imekatika nyuma kidogo ya kebini, bodi imeinamia nyuma, na upenyo kati ya kebini na bodi kwa juu ulitosha kupitisha ngumi. Hata salamu haikukamilika. "Mafundi, hela yangu mmeila. Nililipia springi za mzigo mkasema zitabeba. Hiki sasa ni nini?"

Tulimwacha amalize. Si wa kwanza. Msimu wa uwindaji ukifungwa, magari ya namna hii huingia kwa zamu, na kila mwenye gari anaamini kaibiwa peke yake. Nimeona niyaandike haya mara moja, nisichoke kuyaeleza nikiwa nimelala chini ya gari la mtu mwenye hasira.

Niseme kwanza kuhusu kazi yetu. Majani mawili tuliyomwongezea, yaani vile vibamba vya chuma vinavyopangwa kuwa springi, yapo, mazima. U-boliti, zile boliti za umbo la U zinazobana springi, hazijalegea, bushi bado zina rangi ya dukani. Alitaka gari lisikae chini kwa nyuma likipakiwa, na kweli halikukaa chini. Kilichokatika ni kitu ambacho springi haina ubavu nacho.

Springi huzuia bodi isilalie ekseli, ule mhimili wa magurudumu, basi. Ukiongeza majani, ekseli inabaki ile ile, na beringi, rimu, breki na chasisi pia. Kile kibati cha mlangoni chenye uzito wa juu unaoruhusiwa hakisomi majani yako. Tena majani yana hila yake: yanamdanganya mwenye gari. Gari lililozidiwa linapokaa chini unaliona, unashusha kitu. Lenye majani ya ziada linasimama wima kama askari hata limebeba tani moja na nusu, nawe unasema bado kuna nafasi.

Halafu kuna breki. Pikapu nyingi za springi za majani zina valvu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono unaopima umbali kati ya chasisi na ekseli. Mzigo ukiongezeka, chasisi inashuka, mkono unasogea, breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Ukiinua gari kwa majani bila kuurekebisha ule mkono, valvu itadhani gari ni tupu siku zote. Umepakia kupita kiasi, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Ndiyo sababu springi kwetu ni kazi ya siku nzima wakati kwa wengine ni saa mbili, na ndiyo sababu bei zetu huitwa za wizi. Tunarekebisha mkono wa valvu, tunashusha taa za mbele zisimulike juu ya miti, tunakujaribisha gari likiwa na mzigo. Tunakuambia pia urudi baada ya kilomita 500 tukaze u-boliti upya. Wanaorudi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Turudi kwa bosi wetu na pikapu yake. Karatasi za gari zinasema libebe kilo 1,000. Nikachukua kipande cha katoni nikamwandikia alivyosafiri, yeye mwenyewe akitaja. Watu wanne, kilo 320. Bampa la chuma, 60. Winchi, ile mashine ya kuvutia gari, na kamba yake, 35. Fremu ya viti vya juu, 140. (Hivyo viti ni vya kutazamia, jamani. Sehemu nyingi sheria inakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani au juu ya gari, na sisi hatutengenezi sehemu ya kushikia bunduki hata ukilipa mara mbili.) Dizeli ya ziada lita 60, kama kilo 50. Maji lita 80, kilo 80. Tairi la pili la akiba, 35. Jeki, spana na minyororo, 40. Friji na barafu, 60. Tukajumlisha: 820. Kabla hajamwona mnyama hata mmoja, gari lilikuwa limebakiza kilo 180.

Akapata dume la kilo 300 hivi.

Hata hapo huenda chasisi ingevumilia, kama si mahali alipomweka. Bodi ilikuwa imejaa, kwa hiyo mnyama akawekwa kwenye fremu ya nyuma, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuvutia tela. Hiyo fremu hatukutengeneza sisi, na tungeombwa tungekataa. Fikiria gari ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na mzigo uning'inie mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 300 zikikaa pale, ekseli ya nyuma inapokea kilo 400, kwa sababu 100 zinanyanyuliwa kutoka kwenye matairi ya mbele. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinatazama mbinguni, na chasisi inapindwa kama kijiti juu ya goti. Hapo gari limesimama tu. Lipige shimo moja kwa mwendo, kisha jingine, kwa kilomita 90 za njia ya mawe, utajua kwa nini chuma kinachoka. Kilianza kupasuka kwenye tundu la boliti, kutu ya ule ufa ilishazeeka. Shimo la mwisho lilimalizia tu.

"Sasa kwa nini mlikubali kuniwekea springi?" akauliza, na hilo ni swali la haki. Tulikubali kwa sababu alituambia anabeba vifaa vya kambi. Kuanzia sasa tunauliza maswali mengi zaidi, msituone wambea.

Njia ya mkato inayowagharimu watu zaidi ni kumbeba mnyama mzima mzima. Sababu wanazotoa ni nyingi, lakini ukimkalia mtu kidogo utakuta ni picha. Anataka afike nyumbani watu wamwone mnyama na pembe zake juu ya gari. Mpigie picha hapo hapo alipoanguka, kisha fanya kazi. Mnyama akitolewa matumbo anapungua kama robo ya uzito wake, pengine zaidi, na hiyo robo hutaibeba. Akigawanywa vipande, mapaja na mabega unayapanga mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kebini, chini kabisa, na unayafunga yasiteleze. Nyama nayo inakushukuru. Inatakiwa ipoe haraka hadi nyuzi 4 au chini yake, na mnyama mzima mwenye ngozi na matumbo ni kama blanketi. Joto halina pa kutokea.

Hapo nimkumbuke mzee mmoja, mcheshi sana, aliyemfunga mnyama wake mbele juu ya boneti, kichwa kikining'inia kwenye grili. Gari lilipanda kilima polepole, gia ya chini, grili imezibwa na manyoya. Sindano ya joto ikapanda, naye hakuiona kwa sababu alikuwa anapiga stori. Gasketi ya silinda hedi ikaungua, hedi yenyewe ikapinda. Nyama ilipikwa na joto la injini upande mmoja, ikaoza upande wa pili. Alitulipa kuchonga hedi, na mpaka leo akipita anatuuliza kama hatuna nyama ya boneti.

Wenye pikipiki za magurudumu manne msijione mmepona. Keria ya nyuma ya nyingi tunazozipokea imeandikwa kilo 80 hadi 110, na nguruwe pori dume mkubwa anaweza kuupita uzito huo. Kijana mmoja alimfunga wake nyuma, akapanda mwinuko moja kwa moja. Pikipiki ikasimama kwa matairi ya nyuma, ikamfuata. Aliruka pembeni, tukabaki na usukani uliopinda na fremu iliyojikunja. Watu huamini gurudumu la nne limeondoa hatari. Ni kweli zile za magurudumu matatu, ambazo Honda ilianza kuziuza mwaka 1970, zilikuwa mbaya zaidi. Zilipindua watu wengi kiasi kwamba mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza mpya huko. Lakini uzito ulio juu na nyuma ya ekseli hauhesabu magurudumu. Vuta mnyama kwa kitelezi cha plastiki kinachoburuzwa chini, au kwa tela ndogo, mwendo wa mguu.

Na kwa pikapu pia, jibu letu kwa mnyama mkubwa ni tela. Hapo ndipo tunaambiwa tunauza tela. Ndiyo, tunaziunda, na tela yetu si rahisi, kwa sababu ekseli yake imekaa mahali pake na mkono wake unalalia gari kwa kama asilimia 10 ya uzito wote. Kuna mtu alichomelea tela nyumbani, ekseli kaisogeza mbele sana, mzigo ukawa nyuma. Kwenye lami ilianza kuyumba kama mkia wa samaki mpaka ikamgeuzia gari. Alikuja kwetu na mabaki yake akiomba tuinyooshe. Tulikataa, akakasirika, akaenda kuinyoosha kwingine.

Nina neno fupi la winchi. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibati cha winchi ni ya kamba ikiwa safu ya kwanza kwenye gurudumu lake. Kila safu inayojiviringisha juu inapunguza nguvu. Na usivute kwa ile mpira ya chuma ya kuvutia tela. Ikikatika inaruka kama risasi.

La mwisho ni kuosha, ambalo watu hulichukulia mzaha na ndilo hutuletea hela nyingi bila sisi kutaka. Damu ina chumvi. Inapenya kwenye maungio ya bodi, inaingia kwenye matundu ya chasisi, inakaa humo na vumbi, inakula chuma kimyakimya. Mtu anamwagia maji ya moto, damu inaganda palepale na kushika kama gundi. Anza na maji baridi, mengi, mpaka yanayotoka chini yawe safi, ndipo sabuni. Pitisha bomba ndani ya matundu ya chasisi. Ile mashine ya maji ya presha iweke mbali na sili za habu, na usiielekeze kwenye rejeta, maana mapezi yake yanalala na hewa haipiti tena. Mbegu za nyasi kwenye rejeta zipulize kwa upepo kutoka upande wa injini kwenda nje, usizisukume ndani. Na chungulia juu ya ekzosi kabla hujaegesha: nyasi kavu zilizojibana pale zikipata moto, gari zima linaondoka.

Kama ulivuka mto, fungua nati ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, uangalie oili. Difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi inavuta, na kama kipumulio chake kimezibwa na tope, itavuta maji kupitia kwenye sili. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, usiendeshe hata hadi kwetu. Piga simu.

Bosi wa pikapu tumeshaelewana. Chasisi tunaiunga kwa bamba la ndani na la nje, kazi ya siku nne, na majani mawili tumeyatoa kwa ombi lake mwenyewe. Ile fremu ya nyuma iko kwenye kona ya vyuma chakavu. Ameagiza tela, na ameomba tuipake rangi ile ile ya gari.