Seng'enge bado sijanunua

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua asubuhi kwa sababu ya baridi. Hela ya seng'enge na nguzo za kuziba mpaka wetu na baba yako mdogo imefika kwenye simu. Asante, Mungu akuzidishie. Lakini sijanunua kitu. Siku ile tulipoongea ulikuwa na hasira, nami nikashindwa kukueleza vizuri, ndiyo maana nakuandikia.

Jumanne nilishuka na jembe hadi mpakani, pale kwenye mgomba wa mshare ulioinamia korongo. Masale mapya ya baba yako mdogo, mimea yetu ya kuwekea mpaka, yamepandwa upande wetu, hatua mbili kutoka yalipokuwa ya zamani. Bado ni membamba, hayajafika hata magotini. Nikarudi hatua mbili upande wake, nikafukua. Kina cha kiganja tu, nikakuta kisiki cha sale la babu yako, kimekatwa kwa panga sawasawa na udongo, na ubavuni kimetoa chipukizi la kijani, dogo kama kidole cha mtoto. Nilikaa pale chini muda mrefu, mama. Nikafuata mstari kwenda juu, nikapata visiki vingine viwili. Nimevifukia, nikaweka jiwe juu ya kila kimoja, kisha nikamwita mwenyekiti wa kitongoji aje aone kwa macho yake. Alikuja, akaona, akapiga picha.

Kwa hiyo usidhani nimenyamaza. Mwisho wa kudai ardhi yako kisheria ni miaka 12, na wengi huku wamepoteza vihamba, mashamba yao ya urithi, kwa kuona haya kumsemesha ndugu.

Ila hiyo seng'enge tuipitishe wapi? Tukiipitisha kwenye masale yake, tumekubali kuibiwa kwa hela yetu wenyewe. Tukiipitisha kwenye visiki, ataing'oa usiku, na hao vijana unaotaka kuwatuma watakutana na vijana wake wameshika mapanga. Halafu mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, unapita palepale. Walio chini yetu wanapanda kwa njia ile kuja kuusafisha na kufungulia maji, na hao hawajatukosea chochote. Polisi nao watauliza kwanza eneo ni la nani. Kesi ya jinai ya kuingia kwa mtu haisimami wakati umiliki wenyewe unagombaniwa, watatuambia twende baraza.

Na baraza nitakwenda ikibidi, sioni aibu. Tangu sheria ibadilishwe 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila kupatana, shauri linapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini ipo familia hapa jirani waliofika huko, mzee akafariki kesi bado inaendelea, na siku ya maziko nusu ya ukoo haikukanyaga pale nyumbani. Mimi nilikuwepo, nilibeba jeneza na watu wa kuazima. Sitaki yatupate hayo kabla sijajaribu kila njia.

Karatasi ya babu yako nimeitoa kwenye sanduku. Imeandikwa mashariki anapakana na fulani, magharibi na fulani, na wote wameshafariki. Vipimo hamna. Anayeujua mpaka ule kwa kuuona ukiwekwa amebaki mmoja, bibi yako wa ng'ambo ya korongo. Siku babu zako wawili walipogawana, yeye ndiye aliyebeba miche ya masale kichwani. Jumapili baada ya misa nilikwenda kumsalimia nikamweleza. Amekubali kuja kutuonyesha, lakini anataka tuwepo wote: mimi, baba yako mdogo na wanawe, na wewe.

Wewe hasa, kwa sababu upande ule ni wako. Nimeshawaambia wazee wa ukoo. Wapo walioguna, wakasema kihamba ni cha mtoto wa kiume wa mwisho. Nikawajibu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume, na zaidi ya sheria, mimi baba yako nimeamua. Mpaka ukionyeshwa wewe haupo, siku nikiondoka watakwambia huujui.

Baba yako mdogo hajaja. Nasikia ameambiwa kuhusu zile picha na hana raha. Akija na jani la sale mkononi kuomba radhi nitalipokea, mila hainiruhusu kulikataa, na moyo wangu pia hautaki kulikataa, tumekua wote. Lakini siku hiyohiyo tutapanda masale kwenye visiki vile, tuvute futi mbele ya mtendaji, tuandike, na majirani wa pande zote waweke sahihi. Kisha tuombe hati ya hakimiliki ya kimila, yenye jina lako.

Usisubiri Krismasi, siku zile kila nyumba ina wageni. Omba ruhusa kazini hata siku tatu. Bibi ana nguvu asubuhi tu, ikifika saa nne anataka kulala, kwa hiyo ufike jioni ya kuamkia siku hiyo. Beba mabuti, kule korongoni kunateleza. Hela yako ipo kwenye simu, sijaigusa.

Ni mimi baba yako