Waosha maiti huitwa kwa jina

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyesema vijana wa leo hawajitolei bila posho. Nina la kumjibu, ingawa nalitoa mbali.

Kwa miaka saba nilikuwa msafishaji katika nyumba ya kuandalia maiti ya Wayahudi, kaskazini mwa London. Waosha maiti wao huitwa Hevra Kadisha. Hawalipwi. Kazi yangu ilikuwa kujaza ndoo na kukausha sakafu, lakini mimi niliyemwosha mamangu kwa mikono hii niliyatambua mengi. Wanawake huoshwa na wanawake. Sanda ni nyeupe, haina mfuko, tajiri na fukara ni ile ile. Maji humiminwa ndoo tatu mfululizo, ya pili ikianza kabla ya kwanza kwisha, yasikatike. Na marehemu huombwa radhi kwa jina lake, asije akawa amevunjiwa heshima bila wao kujua.

Palikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mmoja mwembamba, akija kwa basi hata usiku wa baridi kali. Nikamuuliza kimemvuta nini. Nilidhani atataja thawabu, maana kwao wema anaotendewa maiti ndio wema wa kweli, kwa kuwa hawezi kuulipa. Hilo alilisema, lakini baadaye. Kwanza alisema jirani yake alimpigia simu: leo tumepungukiwa na mtu, njoo utushikie ndoo. Akaenda akitetemeka. Wiki ya pili akaenda tena. Nilipomjua alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo.

Mtaani kwetu tumebaki waosha watatu, na mdogo wetu ana miaka 61. Tumetangaza madrasani mara mbili, hakuja mtu, tukawalaumu wasichana. Mimi naona kosa ni letu. Hatukumwendea hata mmoja. Nani asikie tangazo la kuosha maiti, ajione ndiye anayetakiwa?

Juzi nilipiga hodi kwa jirani. Nikamwambia binti yake, anayesoma chuo, kwamba safari ijayo nitamhitaji anishikie birika tu, maiti asimguse kama hataki. Alinyamaza, akamtazama mamake. Kisha akaniuliza, "Bibi, nivae nini?"

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa