YAH: DISKI 4 ZA SEVA MLIZONIUZIA SIO NILIZOOMBA, NA NILIVYODHALILISHWA KAUNTA KWENU

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, na heshima yenyewe najilazimisha, kwa hiyo naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, sio yule kijana wa kaunta ya kompyuta. Masharti yenu ya waranti na kurudisha bidhaa mnayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani, sitayarudia.

Kabla sijatoa hata mia niliwauliza WhatsApp, jamani hizi diski za TB 4 ni CMR, zile zisizoporomoka spidi ukiandika data nyingi kwa mpigo? Maana zinaingia kwenye NAS, ile seva ndogo ya nyumbani ya kuhifadhia mafaili, mi ni mpiga picha, naweka RAW, yaani picha ghafi za kamera, za harusi na sendofu humo. Mkanijibu "CMR orijino kabisa dada, za NAS hizo, karibu dukani". Skrinishoti ninayo.

Ni SMR, aina ile nyingine inayochoka ukiiandikia data nyingi. Zote nne. Namba ya modeli ipo kwenye stika ya diski, na tangu zile kelele za 2020, watu walipogundua kuna diski zinauzwa kama za NAS kumbe ni SMR na haijaandikwa popote, makampuni yenyewe yalitoa orodha ipi ni ipi. Ni kutafuta mtandaoni tu, dakika moja. Kijana wenu dakika hiyo hakuwa nayo, ila muda wa kunicheka alikuwa nao.

Nilimwekea diski mezani nikamwambia kaka, hii ikianza kupokea picha inakwenda vizuri halafu spidi inaporomoka, naomba mnibadilishie nilichoomba. Hakuichomeka popote. Akaigeuza geuza, tena stika ikiwa juu chini, akaniuliza "Dada, bando unalo lakini?" Bando! Nimemwambia seva ipo nyumbani, laptop ipo nyumbani, kati yao kuna kebo ya Cat6, picha hazipiti intaneti hata kidogo, naye anaulizia bando. Watu kwenye foleni wakaangua kicheko.

Sasa kama kaunta yenu haijui SMR ni nini, nawaelezea bure. Njia za data kwenye sahani ya diski zimelaliana kama mabati kwenye paa, ili data nyingi zienee. Ukitaka kubadilisha njia moja inabidi diski iandike upya na za jirani. Kwa hiyo inapokea kwanza kwenye kaeneo kadogo ka haraka, kakijaa ndo mateso yanaanza. Kwa mtu anayeweka sinema zake akaziacha sio mbaya. Mi harusi moja ni picha kama 3,000, RAW ya kamera yangu ni MB 47 hivi, hiyo ni karibu GB 140 kwa mpigo. Kwa laini ya gigabiti inayotoa MB 110 kwa sekunde ni kama dakika 21, unakunywa chai unarudi. Diski zenu zinaanza na hiyo 110, naangalia kabisa kwenye skrini, halafu 60, halafu 30, halafu inakaa 15. Kwa 15 ni masaa mawili na nusu na zaidi. Na kopi ikiisha diski zinaendelea kukwaruza peke yake, taa inapepesa, ukifungua folda upande wa pili picha zinafunguka moja moja.

Na hapo bado hatujafika kwenye diski iliyokufa. Ndio, moja kati ya hizo nne ilikufa, mkanipa nyingine, nayo SMR. Diski zangu zimepangwa kwa RAID 5, yaani zinalindana, na ikipoteza diski moja data ipo lakini kinga hamna, inatakiwa ijijenge upya haraka, diski nyingine ikifa kabla haijamaliza umepoteza vyote. CMR ya TB 4 inamaliza kazi hiyo usiku mmoja. Hii yenu ilienda siku baada ya siku, na mi na albamu za watu humo ndani silali, naamka saa nane usiku kwenda kuangalia asilimia.

Halafu kabla ya hapo, nilipolalamika mara ya kwanza, mkaniambia dawa ni SSD ya kashe, yaani ya kushikilia data kwa muda ili mambo yaende haraka. Mkaniuzia moja. Boksi langu la NAS likiwekewa SSD moja inakuwa kashe ya kusoma tu, ili isaidie kuandika zinatakiwa mbili. Mkasema basi ni swichi ya mtandao, mkaniuzia ya gigabiti 2.5 wakati mnajua boksi lina poti ya gigabiti 1, picha yake mlikuwa nayo kwenye chat! Kila nikileta tatizo mnalitafutia bei. Katalogi ya Lightroom, programu yangu ya kuhariri picha, iko kwenye SSD ya laptop, RAM ya boksi niliongeza, kilichobaki ni diski zenu.

Narudi kwenye lile la kaunta, maana sijalimaliza. Baada ya bando na vicheko nilimwonyesha ile meseji yenu ya CMR. Hakuisoma. Akanisukumia diski mpaka ukingoni mwa meza, ikabaki kidogo idondoke, akasema kwa sauti duka zima lisikie, "Sista, kamlete huyo kaka anayekuwekeaga hivi vitu, tuongee na mtu anayeelewa." Mi ndo ninayeweka! Na kwenye ile foleni alikuwepo mama mmoja ambaye tulikuwa tumeshapatana bei ya sendofu ya binti yake, alinisikia naambiwa sijui kazi yangu. Kazi hiyo kapewa mtu mwingine. Na wewe meneja ulikuwa pale pale nyuma ya kioo, ulinyanyua macho ukarudi kwenye simu yako.

Nilipoanza kuandika nilitaka tu diski 4 za CMR, tubadilishane yaishe. Sitaki tena. Nataka hela yangu ya diski zote, ya SSD na ya ile swichi. Nataka na barua ya kuniomba radhi yenye muhuri wa duka, imtaje kijana na aliyoyasema, nimwonyeshe yule mama.

Mna mpaka Ijumaa. Baada ya hapo napeleka skrinishoti na stika za diski Tume ya Ushindani, Sheria ya Ushindani ya 2003 haimruhusu mfanyabiashara kumdanganya mteja kuhusu bidhaa. Na kuna risiti ya EFD mliyonipa, ina hela pungufu kuliko niliyolipa, nilinyamaza siku ile, ila TRA nao najua ofisi zao zilipo.

Namba yangu mnayo. Msinipigie kunibembeleza, tumeni hela.

Mteja wenu wa diski 4

Nakala: Tume ya Ushindani (imeshaandikwa, haijatumwa)