Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masafa: ripita ya kilimani bado iko chini ya meza yangu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA RIPITA YA REDIO YA RIDHAA, LUSHOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa wasioijua, redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio ya watu wenye leseni, yasiyo ya biashara, na ripita ni mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena ili ifike mbali. Hii ni barua yangu ya saba. Sita za mwanzo nilizileta ofisini kwako kwa posta au kwa mkono, na nakala zake zenye mihuri ya mapokezi ninazo. Hii naiandika hadharani kwa sababu ya jambo lililotokea usiku wa Jumatano iliyopita. Lisingetokea, ningeendelea kukusubiri kama nilivyokusubiri miaka miwili na miezi minne.

Mvua ilianza alasiri. Saa moja usiku umeme ukakatika. Saa nne mnara wa simu nao ukanyamaza, kama unavyonyamaza kila umeme ukikatika muda mrefu, na huku milimani hilo tumelizoea. Kabla ya saa sita udongo ulikuwa umeshaporomoka na kufunga barabara. Ng'ambo ya kilima kuna zahanati, na muuguzi wake ni mmoja wa sisi wanne wenye leseni ya redio ya ridhaa. Leseni hizo ulitupa wewe na ninakushukuru. Usiku ule alikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu tangu mchana, mtoto ametanguliza miguu. Muuguzi akachukua redio koli yake ya wati tano, akapanda ngazi ya tenki la maji kwenye mvua, akaita kwenye megahezi 145.500, masafa yetu ya kuitana.

Nilikuwa macho. Redio yangu ilikuwa mezani, imewashwa. Nilichosikia ni mkwaruzo, kisha nusu ya neno, kisha mkwaruzo tena. Nikatoka nje na antena ndefu, nikageuka kila upande, nikaita mpaka betri ikaanza kulia. Kati yangu na yeye pana kilima, Ndugu Mkurugenzi, na masafa haya hayapandi kilima. Yanakwenda yanakokwenda macho. Penye kizuizi yanaishia hapo, hata uwe na redio ya bei gani.

Mwisho walimtuma kijana kwa miguu. Alinigongea mlango saa tisa usiku, tope limemfika kiunoni. Mimi naishi mjini, dakika kumi kwa pikipiki kutoka hospitali. Gari la wagonjwa lilifika upande wa huku wa maporomoko alfajiri, wanaume wakambeba mama kwa machela, wakavuka naye matopeni. Mama yu hai. Mtoto hatunaye. Siwezi kuapa kwamba angeishi kama gari lingeitwa saa sita, mimi si daktari. Ninachoweza kuapa ni kwamba saa tatu nzima zilipotea kwa sababu ya kilima, na dawa ya kilima kile iko chini ya meza ninayoandikia barua hii.

Ni tranka la chuma, lile la wanafunzi wa bweni. Ndani yake mna redio mbili za mawasiliano, zile zinazofungwa kwenye gari, moja ya kusikia na moja ya kurusha, pamoja na mitungi sita ya alumini. Inasikia kwenye 145.025 na papo hapo inayarudia maneno yale kwenye 145.625, kilohezi 600 juu yake. Mitungi ndiyo inayozuia sauti inayotoka isiizibe masikio redio inayosikiliza. Niliirekebisha kwa bisibisi kwa wiki tatu, robo mzunguko, napima, robo mzunguko, napima tena. Kuna betri, kuna paneli ya sola ya wati 150. Vyote vimenigharimu shilingi milioni mbili na laki tatu kutoka kwenye kiinua mgongo changu. Mke wangu aliziombea fedha hizo mabati ya jiko. Jiko linavuja hadi leo, na Jumatano usiku, nilipokuwa naita nje bila kuitikiwa, yeye alikuwa anakinga maji kwa sufuria.

Tranka hilo likikaa juu ya kilima linaona pande zote mbili. Redio ya mkononi ya muuguzi ingelifikia kwa wati moja tu, nami ningemsikia kama aliyeketi sebuleni kwangu. Kijiji kimeshatoa eneo, na muhtasari wa mkutano umo katika faili lako.

Ulipokuja mkoani kwetu ulisimama mbele yetu kwenye semina, ukasema ombi lililokamilika litajibiwa ndani ya siku 60. Niliiandika ile 60 kwenye daftari na kuipigia mstari. Ombi langu lilikuwa limekamilika: ramani ilikuwemo, vipimo vilikuwemo, risiti ya ada ilikuwemo. Mwezi wa tano nikaambiwa faili limekwenda kitengo cha ufundi. Kitengo cha ufundi kikaniambia liko kwa mwanasheria. Nikapanda basi la alfajiri mpaka Dar es Salaam. Dada wa mapokezi, ambaye simlaumu hata kidogo kwa kuwa alinipa kiti na maji, akaja na ujumbe kutoka ndani kwamba nilete cheti cha alama za Morse, zile za nukta na vistari. Ndugu Mkurugenzi, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliliacha sharti hilo liwe hiari ya kila nchi, na leseni uliyonipa wewe mwenyewe ilitoka bila cheti hicho. Nililisema hilo kwa maandishi katika barua ya nne. Haikujibiwa.

Kwa kuwa hakuna anayeniambia sababu, nimebaki kukisia. Labda kuna mtu aliyeliogopa neno ripita akifikiri ni mtambo wa kuficha mambo. Mambo yetu hayafichiki. Kila mwenye redio anaweza kutusikiliza, kila tunaporusha tunataja alama yetu ya mwito inayoanza na 5H, na kuficha maneno kwa msimbo ni mwiko kwetu. Labda zile redio koli za bei nafuu, Baofeng na nyinginezo, ambazo walinzi na waratibu wa harusi wanazitumia bila kujua wako kwenye masafa gani, zimetuharibia jina. Kama ndivyo, sisi tuliofanya mtihani na kulipa ada ndio wa kwanza kutaka jambo hilo liwekwe sawa.

Au labda tatizo ni hilo neno ridhaa, na kuna anayeona huu ni mchezo. Njoo Jumamosi moja uone. Watoto wa kidato cha pili wanakata waya wa sentimita 49, ambao ni karibu robo ya wimbi kwenye masafa yetu, wanaufunga kwenye plagi, kisha wanausikiliza ulimwengu. Siku moja kituo cha anga za juu kilipita kikirusha picha kwenye 145.800. Picha ile inakuja kama sauti ya filimbi kwa dakika mbili hivi, na simu inaichora mstari kwa mstari. Msichana mmoja aliishika antena juu ya kichwa chake, akaifuata mbingu polepole kwa dakika zote zile bila kutikisika. Picha ilipokamilika alikaa chini akalia. Watoto wale sasa wananiuliza kwa nini redio inayosikia anga haiwezi kusikia zahanati.

Wenzetu wamelipitia hili. Visiwa vya Andaman, upande wa India, vilikaa miaka mingi bila kuruhusiwa redio ya ridhaa. Mama mmoja, Bharathi Prasad, alifuatilia kibali mpaka akakipata, na tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipopiga alikuwa Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo, na mitambo yake. Simu zilikufa. Watu walitafuta habari za ndugu zao kupitia redio yake. Kibali kile kingechelewa, redio hiyo isingekuwepo.

Kwetu nako hakuna anayeweza kusema hajaonywa. Maporomoko ya tope ya Hanang yalituonya Desemba 2023. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na tarehe 12 ya mwezi uleule mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kifungu cha 25, zinazihimiza nchi kuwawezesha watu kama sisi kujiandaa kwa siku kama hizo. Sisi tumeshajiandaa. Tranka lipo na betri imejaa, naichaji kila Jumapili.

Siombi fedha, wala gari, wala mnara. Naomba karatasi moja yenye sahihi yako. Kama jibu ni hapana, niandikie hapana na sababu yake, nirekebishe. Kama kuna ada nyingine, nitajie. Kama faili limepotea, sema limepotea, nitaleta jingine kesho kwa basi lile lile la alfajiri. Lakini nijibu. Baba wa mtoto yule alikuja kwangu Ijumaa. Hakuja kugomba. Aliketi barazani, akaitazama redio iliyokuwa kiunoni mwangu, akaniuliza: Mwalimu, hivi hizi ni za nini?

Nilishindwa kumjibu. Masika yanakuja. Nijibu, Ndugu Mkurugenzi, kabla hayajafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Lushoto