Barua kwa Mwanangu: Yaliyo Chini ya Rangi ya Tela

Sahare, Tanga
Septemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi na mama yako hatujambo, na tela lako la boti liko tayari. Limesimama bandani likiwa na ile rangi ya buluu uliyoichagua mwenyewe, na majirani wanaopita husimama wakalisifu. Sifa hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu kabla hamjaja kulichukua wewe na mkwe wangu. Rangi imefunika kila mahali sawasawa, palipo na chuma kizima na palipotiwa kiraka, na mtu atakayelivuta mpaka Pangani akiwa na boti juu yake ana haki ya kujua kiraka kiko wapi.

Uliniuliza kwa simu ni kazi gani ya rangi inayochukua wiki 5. Rangi yenyewe ilinichukua asubuhi 4 tu. Siku nyingine zote zilikwenda katika kulipa deni nililojiwekea miaka 8 iliyopita, nilipolipaka tela hili hili kwa siku moja, kwa kopo moja la rangi ya mafuta, juu ya kutu niliyoipitishia msasa kidogo ili nafsi yangu inyamaze. Safari hii nilipoingiza bisibisi chini ya rangi ile, ilibanduka mapande mapana kama ganda la ndizi, na chini yake kutu ilikuwa imetambaa hadi mahali ambapo mwaka ule palikuwa pazima kabisa. Sikuwa na fundi wa kumlaumu, kwa kuwa fundi alikuwa mimi.

Kosa langu kubwa lilikuwa chumvi. Chuma hakishiki kutu bila maji na hewa, lakini chumvi ndiyo inayoiharakisha, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani, nawe unaijua hewa ya Tanga. Rangi nayo si kioo: unyevu huipenya taratibu, ukaikuta chumvi imefungiwa chini, na hapo malengelenge huanza. Kwa hiyo kabla ya kugusa msasa nilishinda siku 3 nikiliosha tela kwa sabuni na maji ya bomba, nikiingiza mpira wa maji ndani ya mabomba ya mraba ya fremu na kuyaonja maji yanayotokea upande wa pili, mpaka ulimi uliponiambia kwamba chumvi imekwisha. Mama yako alinitazama kwa muda, akauliza kama nilitaka aniongezee ndimu.

Baada ya hapo nilichukua nyundo ndogo. Babu yako alikuwa akiikagua mashua namna hiyo, akigonga ubao baada ya ubao na kusikiliza, kabla ya kuipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwa juu na deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kwa chini, na nakumbuka alivyokuwa akikasirika mtu akimsemesha. Chuma nacho kina sauti yake. Palipo pazima nyundo ililia kama kengele, na palipooza ilitoa sauti ya debe lililojaa mchanga, kwa sababu magamba ya kutu yalikuwa yamejikusanya ndani.

Sasa soma hapa kwa makini. Kiraka kiko kwenye bomba la upande wa kushoto, ukiwa umesimama nyuma ya tela na kutazama mbele, kama sentimita 40 nyuma ya ekseli. Zamani kuna mtu aliyebandika bati juu ya tundu na kulichomelea pande zote, na chini ya bati hilo maji yakapata nyumba ya kukaa. Mimi na fundi wa kuchomelea tulilikata lote mpaka tukafika kwenye chuma kinachong'aa, tukaingiza kipande cha bomba jembamba kwa ndani ili kishike pande zote mbili, ndipo tukachomelea bomba jipya juu yake. Nimekiona kwa macho yangu na ninakiamini. Nisichokiamini sana ni bomba hilo hilo kuanzia kiraka kwenda mbele, kwa sababu ndani yake sikuweza kuona. Liligongeka vizuri, lakini kusikia si kuona. Kwenye sehemu za chini za mabomba yote nimetoboa matundu ya milimita 10 ili maji yatoke, na ninakuomba mtu yeyote asije akayaziba kwa kudhani kuwa ni kasoro. Walikuwapo walionishauri nimimine oili chafu ndani ya mabomba. Nilikataa, maana tela hushuka majini, na oili hiyo ingeelea pale pale watu wanapotupa nyavu zao.

Mkono wa mbele, ule unaofungwa kwenye gari, ni habari nyingine. Huo ulichovywa katika zinki tangu kiwandani, na zinki huliwa kwanza kabla ya chuma iliyokifunika, ndiyo maana mkono huo umeishi kuliko ndugu zake. Mimi kwa ujinga wangu wa mwaka ule niliupaka rangi ya mafuta moja kwa moja. Zinki na mafuta ya rangi hugeuka kitu kama sabuni pale vinapogusana, na rangi huteleza ikabanduka hata kama hakuna kutu hata chembe. Safari hii nimeusafisha na kuuacha na rangi yake ya kijivu. Najua haufanani na sehemu nyingine. Usije ukaupaka buluu kwa ajili ya picha. Palipohitaji kuchomelewa, chini ya winchi ya kuvutia boti, nilimtaka fundi aiondoe zinki kwa grainda kwanza na afanyie kazi nje upepo unapovuma, kwa kuwa moshi wa zinki humpa mtu homa na kutetemeka jioni yake. Alikuja na pakiti ya maziwa kama kinga, kama wafanyavyo mafundi wengi. Nilimwambia kwamba maziwa yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni. Aliyanywa hata hivyo.

Rangi za zamani huenda zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvutwa, hasa penye watoto, kwa hiyo niliikwangua kwa msasa wa maji, nikafunga barakoa, na uchafu wote nikaukusanya juu ya turubai. Kisha nikasubiri hali ya hewa. Kusi limelegea na vuli bado haijafika, na huu ndio wakati mzuri kwa kazi hii kwetu. Nilianza kila siku baada ya umande kukauka, yapata saa 3 asubuhi, na kuacha kabla ya saa 6, kwa sababu chuma kikishachomwa na jua, tina ya kuyeyushia rangi hukauka kabla rangi haijatandaa, na alama za brashi hubaki kama mikwaruzo ya kuku. Praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, ile inayochanganywa na hadina ili igande, nimeipaka mara 2, na juu yake rangi ya buluu mara 2. Kila mara nilianza na kingo na mishono ya kuchomelea peke yake, kisha nikarudia mahali pote, kwa maana rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye kingo kali na kuziacha na utando mwembamba sana. Kutu huingilia hapo.

Kama ningelazimika kuchagua kati ya rangi na beringi, ningekukabidhi tela lenye kutu na beringi mpya. Tela la boti huharibika beringi kuliko tela lolote la nchi kavu, na sababu ni haraka ya watu. Magurudumu yanapofika ufukweni yakiwa ya moto kisha yakazamishwa majini, hewa iliyo ndani husinyaa ghafla na kuyafyonza maji ya bahari kupitia kwenye sili, ile mipira ya kuzuia maji. Grisi hugeuka uji mweupe, na baada ya wiki chache beringi inalia. Zilizokuwamo nilizikuta zimeshika madoadoa meusi, nikazitupa. Mpya nimezishindilia grisi isiyoyeyuka majini kwa kiganja, mpaka ikatokea upande wa pili, na nati nimeikaza huku nikizungusha gurudumu, nikailegeza kidogo, ndipo nikatia pini. Mkifika pwani, kaeni nusu saa. Kunyweni chai. Katika nusu saa hiyo chomoeni waya wa taa za nyuma, kwa maana balbu ya moto ikiguswa na maji baridi hupasuka.

Matairi yalikuwa na meno mazuri, lakini tarakimu 4 za mwisho kwenye ubavu zilionyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na mwaka huo ulikuwa wa mbali mno, nimeyabadilisha. Mbao za kulalia boti ni mpya, zimefungwa kwa bolti zisizoshika kutu, na vichwa vyake nimevizamisha ndani ya ubao ili visikwaruze faiba ya boti.

Siku mtakayolichukua, simameni baada ya kilomita 10 za kwanza, muweke kiganja katikati ya kila gurudumu. Joto la kawaida halina neno. Likiunguza mkono, nati imebana mno au beringi haikukaa sawa, na msiendelee. Kila mtakapolitoa majini liosheni kwa maji ya bomba, mkianza na ndani ya mabomba, hata kama mmechoka na samaki wanasubiri.

Ile nyundo ndogo nimeifunga kwa kamba kwenye mkono wa mbele, karibu na winchi. Kila baada ya miezi 3 gonga bomba la kushoto kuanzia kwenye kiraka kwenda mbele, polepole, na mwambie mkwe wangu asikusemeshe wakati huo. Kopo la rangi iliyobaki nitawapa mwende nalo, lakini ukisikia sauti ya debe la mchanga usilifungue. Nipigie simu, nitakuja na fundi.

Mama yako anakusalimu sana, na anauliza kama mtalala au mtarudi siku hiyo hiyo.

Ni mimi,
Baba yako