Mashine za kisasa zije na mafunzo ya mafundi

Mhariri,

Kwa miaka 22 nimekuwa mkerezaji wa vyuma katika eneo la Kariobangi Light Industries, na kila ninaposikia kiongozi akitangaza kwamba viwanda vyetu vidogo vitainuliwa kwa kuletewa mashine za kisasa, huwa najiuliza ni nani atakayesimama mbele ya mashine hiyo siku ya pili, utepe ukishakatwa na wageni wakishaondoka. Naandika kuhusu swali hilo kwa sababu nimelilipia kwa pesa zangu mwenyewe.

Miaka minne iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulichanga akiba, tukaongeza mkopo wa chama, tukanunua mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, iliyokuwa imetumika ng'ambo. Aliyetuuzia alimtuma kijana mmoja ambaye kwa saa tatu alituonyesha jinsi ya kuiwasha, kuizima na kuitia mafuta, kisha akaenda zake, na simu zetu hazikupokelewa tena. Mashine ilikaa miezi saba chini ya turubai bila kuingiza hata shilingi moja, huku mkopo ukilipwa na mashine yetu kuukuu ya mkono ambayo tulidhani tungeistaafisha.

Aliyetutoa katika hali hiyo ni binti aliyekuwa amehitimu chuo cha ufundi na kuja kwetu kutafuta nafasi ya uanagenzi. Alijua kuiandikia kompyuta maagizo, lakini kazi yake ya kwanza, shafti ya kinu cha kusaga mahindi, ilivunja ncha tatu za kukatia kabla ya saa nne asubuhi. Mzee wa karakana yetu, ambaye hajawahi kugusa kibodi, alichukua kipande cha chuma kilekile, akakigusisha kwenye jiwe la kunolea na kuzitazama cheche, ambazo zilikuwa zikipasuka na kutawanyika vishada vishada. "Binti yangu, hiki si chuma laini cha dukani," akamwambia, "hii ni ekseli ya lori." Binti akajibu, "Kumbe, mzee! Mimi nilikiandikia kasi ya chuma laini." Akapunguza kasi, na kufikia saa saba shafti ilikuwa mezani, ikiwa na tofauti isiyozidi sehemu mbili za mia za milimita kutoka kipimo tulichopewa. Tangu siku hiyo mashine haijalala, ila stima inapopotea.

Naeleza kisa hiki kirefu kwa kuwa nchi nyingine zimepitia jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa, na tunaweza kujifunza kwao bila kulipa gharama waliyolipa. Nchi za Ulaya Mashariki zilizoachana na uchumi uliopangwa na serikali baada ya mwaka wa 1989 zilirithi viwanda vikubwa na wahandisi hodari, lakini mfumo ulikuwa umevizoesha viwanda hivyo kuogopa mabadiliko. Meneja aliyevuka lengo la mwaka huu alipandishiwa lengo la mwaka ujao, kwa hiyo ilimfaa kuuficha uwezo wa kiwanda chake; na kusimamisha kazi kwa majuma kadhaa ili kufunga mtambo mpya kulimaanisha kukosa lengo na kupoteza marupurupu. Utafiti nao ulifanywa katika taasisi zilizokuwa mbali na kiwanda. Gari la Trabant, lililoundwa mjini Zwickau, Ujerumani Mashariki, tangu mwaka wa 1957, liliendelea kutumia injini ya kizamani ya mipigo miwili hadi karibu na mwisho wake mwaka wa 1991, ilhali wateja walilisubiri kwa miaka kumi na zaidi. Wahandisi wa kulibadilisha walikuwapo. Ambaye hakuwapo ni mshindani wa kukilazimisha kiwanda kuwasikiliza.

Mageuzi yalipokuja, wengi waliamini kwamba ingetosha kuuza viwanda na kununua mitambo. Mfano ninaoupenda ni wa kiwanda cha magari cha Škoda kilichoko Mladá Boleslav, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, ambacho kiliingia ubia na Volkswagen ya Ujerumani mwaka wa 1991. Pamoja na mtaji, wabia hao walileta mameneja ambao waliunganishwa wawili wawili na Wacheki katika wadhifa mmoja, mgeni na mwenyeji wakifanya kazi bega kwa bega hadi mwenyeji alipoweza kuendelea peke yake, na mwaka wa 1996 kiwanda hicho kilitoa gari jipya la Octavia. Nilipousoma utaratibu huo nilimkumbuka mzee wetu na yule binti.

Tangu mwaka wa 1999, Benki ya Ulaya ya Ujenzi Mpya na Maendeleo pamoja na Benki ya Dunia zimekuwa zikizihoji kampuni za nchi hizo, ndogo kwa kubwa, kuhusu namna zinavyofanya kazi. Yaliyodhihirika katika majibu hayo yanatuhusu. Sehemu kubwa ya ubunifu wa kampuni hizo haikuwa uvumbuzi ambao dunia haijauona, bali ilikuwa kuchukua kitu kinachotumika kwingine na kukifanya kifae mahali pao. Kampuni zilizouza nje, zilizoshirikiana na wateja au wabia wa kigeni, na zilizokuwa na wafanyakazi wenye elimu na mafunzo, ndizo zilizotangulia. Natamani sana viongozi wetu walielewe hilo la kwanza, kwa sababu kijana wa Gikomba anayeiga mashine ya kukata nyasi kutoka India, akaibadilisha ili itumie mota inayopatikana hapa, anafanya kazi halali ya ubunifu na anastahili kuheshimiwa kwayo.

Wachumi waliozichambua takwimu hizo waliona pia kwamba kampuni zenye washindani wachache zilifanya vyema kuliko zile zisizokuwa na mshindani hata mmoja. Sisi nasi tuliyaonja mashindano katika miaka ya 1990, vidhibiti vya bei na vibali vya uagizaji vilipoondolewa, lakini yaliwakuta wengi hawajajiandaa. Viwanda vya nguo vilikabiliana na mitumba vikiwa na mitambo ya zamani. Rivatex ya Eldoret ikafungwa, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka wa 2007. Sababu za anguko hilo ni nyingi na sidai kwamba mafunzo pekee yangelizuia, ila nasema kuwa kumfungulia mtu mlango wa mashindano bila kumpa nafasi ya kujifunza ni kumwonea.

Na tusisahau M-Pesa, ambayo tunajivunia kwa haki tangu mwaka wa 2007. Teknolojia hiyo ilifika vijijini kwa sababu kulikuwa na wakala kibandani aliyemwonyesha mama mmoja baada ya mwingine mahali pa kubonyeza, bila kuchoka.

Ombi langu ni kuhusu pesa ambazo tayari zipo. Mwajiri nchini hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na anaweza kurejeshewa gharama ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Kampuni kubwa ina ofisi ya kushughulikia makaratasi hayo, lakini karakana ya watu watano haina, na haiwezi kugharimia mafunzo leo ikingoja kurejeshewa baadaye. Sehemu ya ada hiyo na itengwe kuwalipa mafundi wazoefu na wahitimu wa vyuo wanaofundishana wakiwa kazini, kwa miezi sita na si kwa semina ya siku mbili hotelini. Vilevile, mashine yoyote inayonunuliwa kwa pesa za umma, iwe ya chuo au ya kaunti, isilipiwe hadi shilingi ya mwisho kabla ya muuzaji kuthibitisha kwamba amewafunza watu wa hapa kuitumia na kuikarabati, na kwamba spea zake zinapatikana.

Kuna watakaosema kuwa kijana akishafunzwa atachukuliwa na kiwanda kikubwa cha Industrial Area, na kweli binti yetu ameshafuatwa mara mbili. Hata akienda kesho, ameshawafunza vijana wawili kuandika maagizo, naye mzee amewafunza hao hao kuzisoma cheche.

Karakana yetu iko tayari kuwapokea wanagenzi wawili kila muhula, bila malipo, kuanzia Januari. Vyuo viwili tulivyoviendea vimetujibu kwamba miezi ambayo mwanafunzi atakaa kwetu haitahesabiwa katika masomo yake kwa kuwa sisi ni jua kali, na ningeomba wizara inayohusika itujibu kupitia ukurasa huu iwapo huo ndio msimamo wake.

Mkerezaji vyuma,
Kariobangi Light Industries, Nairobi